Mwaka Tulioanguka

Bweni letu lilikuwa ghala la pamba. Kabla yetu lilikuwa mali ya chama cha ushirika, na wazazi wetu walipanga foleni pale na magunia yao kila msimu. Kisha likaja soko huria, wanunuzi binafsi wakaanza kuingia vijijini na malori na mizani yao, ghala likabakia na panya na popo. Bariadi, wilaya yetu, wakati huo ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Hatukujua kwamba siku moja Simiyu litakuwa jina la mkoa; kwetu Simiyu ulikuwa mto tu. Shule yetu ya sekondari haikuwa na mahali pa kuwalaza wasichana waliotoka mbali, basi wazazi wakaliomba lile ghala, wakalifagia, wakatoboa madirisha mawili ukutani, wakaingiza vitanda vya juu na chini. Nyuzi za pamba zilibaki zimenasa kwenye mbao za paa. Upepo ukivuma zilishuka polepole juu ya mablanketi yetu, na asubuhi tulichambuana nywele kabla ya kwenda mstarini, tukitaniana kwamba tumeota mvi usiku mmoja.

Nilifika pale nikiwa na miaka kumi na minne, natokea Nkololo. Baba alifunga sanduku langu la bati nyuma ya baiskeli, mama akajitwika godoro, nami nikabeba mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa hadi vikauke kama vijiti. Tulitembea mpaka barabarani tukapata pikapu. Tulipofika shuleni baba alibaki nje akizungumza na wanaume wenzake habari za mvua. Mama ndiye aliyeingia ghalani. Alikitikisa kitanda changu, akakikalia, halafu akakilalia kabisa na ndala zake miguuni, akatazama juu.

"Hapa utalala vizuri," akaniambia kwa Kisukuma. "Ila usilale mdomo wazi, utameza pamba."

Akaondoka akicheka peke yake. Mama yangu hakuwa mtu wa kuaga kwa maneno mengi.

Nyumbani tulizungumza Kisukuma. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, nacho tulikipata kwa shida, mpaka tukafika darasa la saba tukidhani sasa tumemaliza kazi ya lugha. Kumbe sekondari kila somo ni Kiingereza. Palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na aliyekamatwa akisema Kiswahili au Kisukuma alivishwa shingoni, akakaa nacho hadi naye amkamate mwingine. Aliyekutwa nacho jioni alichota maji ya jikoni. Tulijifunza kunyamaza mapema kuliko tulivyojifunza Kiingereza.

Jirani yangu wa kitanda alitoka upande wa Kasoli, na kwa kuwa walimu walipenda kutuita kwa vijiji vyetu, mimi nilikuwa wa Nkololo na yeye wa Kasoli. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na kicheko chake kilisikika hadi ng'ambo ya uwanja. Hesabu aliziona kama mtu anayeona ng'ombe wake kwenye kundi la watu wengine. Mwalimu alikuwa bado anafuta chaki mikononi, yeye ameshapata jibu. Akiambiwa asimame aeleze amelipataje, alisimama, akatazama miguu yake, akakaa. Masomo mengine yote yalikuwa maelezo, na huko alikuwa karibu na mwisho.

Nyumbani kwao hawakulijua hilo. Katika kitongoji chao hakuna mtoto aliyewahi kwenda sekondari kabla yake. Jina lake liliposomwa kati ya waliochaguliwa, baba yake alichinja dume, ngoma zikachezwa siku mbili, na mwalimu wake wa darasa la saba akabebwa mabegani. Kila mwezi alimwandikia baba yake barua, na mimi nilikaa pembeni nikimwangalia.

"Nikiandika 'masomo yanaendelea vizuri,' ni uongo?" aliniuliza siku moja.

"Ni uongo."

"Na nikiandika 'yanaendelea'?"

"Hapo ni kweli."

Akafikiri, akauma kalamu, akaandika *vizuri sana*. Tukacheka mpaka tukaambiwa tunyamaze. Nikikumbuka siku zile naona tulikuwa na raha kubwa bila kujua. Tulioga pamoja, tuligawana sabuni kwa kuikata na uzi, tuliazimana sketi, na Jumapili wa Kanisa Katoliki na wa makanisa mengine tulitoka kwa mstari mmoja tukaachana njia panda ya soko, palipokuwa pameanza kumwagwa marobota ya mitumba. Tulisimama pale kuangalia magauni ya watu wa nchi za mbali, tukichagua kwa macho, kisha tukakimbilia ibadani tumechelewa.

Mwaka wa pili, mwezi wa nane, mwalimu wa zamu aliniita nikiwa kwenye kipindi cha Jiografia.

"Nyumbani kuna tatizo," akasema. "Lipo lori la pamba linarudi Nkololo. Panda hilo."

Hakusema tatizo gani, na mimi sikuuliza. Nje, dereva alikuwa ameshafungua mlango wa mbele. "Kaa hapa mbele, binti," akaniambia, akapangusa kiti kwa mkono. Wanafunzi siku zote tulipanda nyuma, juu ya magunia. Nilipoona ninapangusiwa kiti, nikajua kuna mtu amekufa. Njia nzima nilihesabu watu wa nyumbani mmoja mmoja, nikimwacha mama mwisho.

Alikuwa mama. Homa ilimshika siku tatu, wakamfunga kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, hakufika. Habari zilichelewa njiani, na mimi nilifika watu wameshazika tangu jana yake. Uani walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Waliponiona, kilio kikaanza upya, kila mwanamke akanikumbatia na kunilowesha bega, nami nikasubiri machozi yangu yaje. Hayakuja. Nilipelekwa nyuma ya nyumba nikaonyeshwa udongo. Ulikuwa udongo mwekundu uliopigwapigwa kwa jembe, ungeweza kuwa tuta la viazi. Nilisimama pale nikiona aibu, kama mtu aliyealikwa mahali akasahau kilichomleta.

Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la nne, alikuwa jikoni anasonga ugali wa watu wa msibani, kajifunga kanga ya mama iliyoburuzika hadi chini. Hakuinua kichwa.

Matanga yalipokwisha, bibi, mama yake baba, alisema mbele ya watu wote: "Shule imemtosha huyu. Hawa wadogo watapikiwa na nani?"

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe na hakuacha kuchonga. Mwishoni akasema, "Atarudi shule. Mama yake aliagiza hivyo."

Kama kweli mama aliagiza, au baba alilitunga neno hilo pale pale, sijawahi kujua. Nimeishi miaka yote bila kumuuliza, na sasa naye hayupo.

Mdogo wangu alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenibebea mfuko. Hakungoja gari lije. Alisema ameacha chungu motoni, akageuka, na mimi nikamwangalia mgongo wake mpaka akapotea kwenye mashina ya pamba yaliyokwisha kuvunwa.

Shuleni niliwaambia wote kwamba niko sawa. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilijitolea zamu za wenzangu, nikafagia ghala ambalo lilikuwa limefagiwa. Walimu walinisifu kuwa nina moyo mgumu, na mimi nikaona kweli huo ndio moyo, kutosikia kitu. Wa Kasoli peke yake hakunisifu. Alinitazama tu, akawa ananiachia nusu ya maharage yake sahanini.

Mwezi wa kumi joto likawa kali. Bomba la shule lilikauka, tukawa tunakwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa mbele yetu, na aliyeshindwa alirudia mwaka au alirudi kwao. Hapo ndipo tulipoanza kuanguka.

Wa kwanza alikuwa wa Kasoli. Alikuwa na kibao shingoni kwa siku ya tatu mfululizo, kwa sababu hakutaka kumkamatisha mwingine. Kwenye kipindi cha Kiingereza mwalimu alimwambia asimame asome. Alisimama, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa neno la lugha yoyote. Akaanguka katikati ya madawati, miguu ikapiga, kitabu kikaruka. Wavulana walimbeba hadi barazani wakammwagia maji. Alipotulia hakukumbuka kitu, alitaka tu kujua kiatu chake kiko wapi.

Kesho yake wakaanguka wawili. Kesho kutwa sauti ya mmoja ilitosha kuwaangusha wengine watatu. Wengine walilia, wengine walicheka, mmoja alikuwa akiita jina la kaka yake. Walianguka darasani, mstarini, jikoni.

Mimi niliangukia njiani kutoka mtoni. Nilikuwa na ndoo kichwani na nilikuwa nawaza swali la Baiolojia, si msiba, si kitu kingine. Nikasikia ukelele kutoka bwenini, na ndoo ikanitoka kichwani. Nakumbuka maji yakinimwagikia, nakumbuka nilikuwa napiga kelele, na nakumbuka kwamba ile kelele ilinipa nafuu. Baadaye watu waliniuliza kama nilijifanya. Sikujifanya. Lakini pia sikutaka iishe.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ghalani kulifukiwa kitu. Wengine walisema mlinzi wa zamani wa ushirika alifia mle ndani. Mchungaji alikuja akaomba, katekista akaja akanyunyiza maji ya baraka, na mzee mmoja mwenye hirizi mkononi alionekana akilizunguka ghala taratibu, akinusa kuta. Bibi yangu alituma ujumbe kwamba ni mizimu ya ukoo, inanidai nirudi nyumbani nikawapikie wadogo zangu. Mkuu wa shule, aliyekuwa mtu mzuri ila amechoka, alisema dawa ni viboko, na barua zikaandikwa kuwaita wazazi.

Aliyemzuia alikuwa mwalimu wa sayansi kimu, ambaye ndiye alikuwa matroni wetu; tulimwita Madam. Alikuwa Mpare, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Tulikuwa tunafagia nje ya ofisi, tukasikia.

"Mkuu, nipe wiki moja tu," alisema. "Ikishindikana, leta fimbo na mganga na mchungaji, wote kwa pamoja, mimi nitakuwa nimekaa pembeni."

Wiki ile alifanya mambo madogo madogo ambayo wakati ule hatukuyaona kuwa ni dawa. Alituuliza mmoja mmoja tulikula nini asubuhi, akagundua wengi wetu hatukuwa tunakula chochote hadi saa saba. Kuanzia kesho yake palikuwa na uji wenye karanga kabla ya mstari. Alituambia tutoe ghalani vitanda vyote, tukavianika juani siku nzima, tukapaka kuta chokaa. Kile kibao kikaonekana hakipo. Mwalimu wa Kiingereza alipokiulizia, Madam alisema kwa uso mkavu kwamba kimepotea, na kwamba atamsaidia kukitafuta. Mimi nilikuwa nimekiona kwenye kabati lake, chini ya vitambaa vya kufuma.

Mchana, baada ya vipindi, aliwaita wote walioanguka kwenye baraza la jiko. Palikuwa na magunia ya karanga zenye maganda. Alikaa katikati yetu kwenye kigoda kilichozidiwa naye.

"Kazi ni kumenya," akasema. "Anayetaka kuongea aongee, asiyetaka amenye."

Siku mbili tulimenya tu. Maganda yalirundikana hadi kwenye vifundo vya miguu. Siku ya tatu alianza yeye, bila kutuangalia.

"Mimi nilifeli darasa la saba mara ya kwanza. Matokeo yalipokuja nikapanda darini, mahali mama alipohifadhi mahindi, nikajificha siku nzima. Niliona bora nife kuliko kusikia baba anauliza. Nikashushwa na njaa. Nilikuta wamekula, wameniwekea."

"Baba yako alisema nini?" mmoja akauliza.

"Aliuliza kama huko juu panya wamezidi."

Tulicheka. Kicheko kilipotulia, wa Kasoli alianza kusema kwa Kiswahili, akakwama, akaanza tena, akakwama.

"Sema kwa lugha uliyonyonyea," Madam akamwambia. "Hawa watanieleza."

Basi akasema kwa Kisukuma, na ilikuwa kama kuona mtu amefunguliwa kamba mikononi. Alisema kwamba kila akifungua kitabu analiona lile dume lililochinjwa. Alisema watoto wa kwao walikula nyama wakashiba, wazee wakaibariki njia yake, na yeye anashindwa hata kuelewa swali limeuliza nini. Alisema akienda likizo wadogo wanamwomba aseme Kiingereza, naye anawasomea majina ya mito aliyokariri, wao wanapiga makofi. Hapo tukacheka tena, naye akacheka, kisha akainamisha uso kwenye karanga.

"Amesema nini?" Madam akauliza.

Tuliangaliana. "Anasema habari za ng'ombe, Madam," mmoja wetu akajibu, na Madam akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri kabisa.

Sijui ni nini kilinifungua mimi. Labda ni kule kusikia Kisukuma mahali ambapo kilikuwa kosa. Nilijisikia nikisema, "Sikumwona."

"Nani?" Madam akauliza.

"Mama. Nilikuta wameshazika."

Nilikuwa na maneno hayo tu. Machozi yakaja, yale niliyoyasubiri kwenye mikeka uani, yakaja yote. Nililia mpaka kengele ya chakula. Hakuna aliyeniambia ninyamaze wala nijikaze. Wa Kasoli alihamia upande wangu, bega kwa bega, na Madam akaniongezea karanga mapajani. Mikono yangu iliendelea kumenya bila mimi kuiagiza.

Kesho yake asubuhi, wakati wa mapumziko, alifika baba wa mwenzangu wa Kasoli. Alikuja kwa baiskeli kutoka kwao, mzee mrefu mwenye koti zito na kofia, vumbi limempaka hadi kwenye nyusi. Aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ofisi, akavua kofia.

"Mwangaluka, mayu mwalimu," akamwamkia Madam. "Nimekuja kumchukua mtoto wangu. Amelazwa wapi?"

Madam alimjibu salamu kwa Kisukuma chake kifupi, akamwonyesha kwa kidole. Wa Kasoli alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, na kikombe cha uji mkononi.

Yule mzee alimtazama binti yake kama haamini. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akaziba uso kwa kofia.

Barua ya mkuu haikumfikia; ujumbe uliomfikia ulikuwa umepita kwa watu wanne, na ulipofika kwake ulikuwa na maneno mawili tu: binti ameanguka. Alidhani anaitwa kuchukua maiti. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga jora la kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa mbolea uliofuliwa. Alikuwa amekuja na sanda.

Wa Kasoli alipokiona kile kitambaa alielewa. Aliweka kikombe chini, akapiga magoti mbele ya baba yake, na mbele yetu sote akamwambia kwa Kisukuma, haraka haraka, kama mtu anayeogopa pumzi itaisha: kwamba hajafa, ila anafeli, kwamba kila barua ilikuwa uongo, kwamba Kiingereza hakimwingii, kwamba anaomba msamaha kwa lile dume.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Akajifuta uso.

"Unafeli," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Unakula?"

"Nakula."

"Basi feli," akasema. "Feli, mwanangu. Mimi njia nzima nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama yako. Feli, halafu ujaribu tena. Dume si nililila mimi mwenyewe?"

Nimeona watu wengi wakisamehewa tangu hapo, lakini sijaona msamaha uliokuja upesi kiasi kile. Walimu waliokuwa wamesimama mlangoni waliingia ndani mmoja mmoja. Madam alimletea mzee uji, akanywa vikombe vitatu. Alipotaka kuondoka, alikishika kile kitambaa, akawa hajui akifanyeje. Kukirudisha nyumbani hakutaka, alisema ni mkosi kurudi na sanda ya mtu aliye hai. Madam akamwomba. Wiki zilizofuata, kwenye somo la sayansi kimu, tulikikata tukakishonea foronya na vitambaa vya meza, tukatarizi maua ya bluu pembeni. Mara ya kwanza mikono yetu ilisita. Baadaye tulikizoea, tukawa tunagombania vipande vilivyobaki.

Kuanguka hakukukoma siku moja. Kulipungua, wiki hii mmoja, wiki ile hakuna. Msichana mmoja mdogo, aliyekuwa akiita kaka yake, alichukuliwa na ndugu zake na hakurudi, na sikupata kujua kisa chake, bado namfikiria. Baba yangu naye alikuja, ametumwa na bibi anirudishe. Alikaa na Madam ofisini kwa muda, akatoka, akaniuliza kama nahitaji viatu. Akaondoka peke yake.

Mtihani tukafanya. Mimi nilipita. Wa Kasoli alikosa, akarudia kidato cha pili, akapita mara ya pili, akamaliza kidato cha nne mwaka mmoja nyuma yangu na cheti chembamba. Leo ana biashara ya samaki Lamadi, kando ya ziwa, kubwa kuliko anavyoonyesha, na ana kicheko kile kile. Madam alihamishwa tukiwa kidato cha tatu. Tulimpa foronya moja, akaikataa mbele yetu, akaichukua tulipogeuka. Mimi nilisomea uuguzi, na katika kazi yangu nimekutana na wasichana wengi waliobebwa wakiwa wameanguka. Nawauliza kwanza wamekula nini.

Lakini hayo ni ya baadaye. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili mwaka ule nilirudi Nkololo mvua zikiwa zimeanza. Mdogo wangu alikuwa amekuwa mrefu, na viganja vyake vilikuwa vimekomaa. Siku mbili hatukusemeshana sana. Nilimnyang'anya mwiko, akaudai, nikampa. Siku ya tatu tulitumwa shambani kupanda pamba, mimi nachimba mashimo kwa jembe, yeye anafuata nyuma akidondosha mbegu na kufukia kwa unyayo.

Nilifika katikati ya mstari nikasimama.

"Nieleze mlivyomzika mama," nikamwambia.

Alinitazama akidhani nimemkasirikia. "Yote?"

"Yote. Mwanzo mpaka mwisho."

Akaanza. Alisema wanawake gani walimwosha, na kwamba shangazi ndiye aliyemsuka nywele upya, akazisuka vizuri. Alisema walimvisha gauni la kanisani, lile la njano, na kitufe kimoja hakikuwepo. Alisema wachimbaji walikuta jiwe wakahama hatua mbili. Alisema baba alishuka kaburini mwenyewe ingawa walimkataza, na kwamba mbwa alilala pale juu siku nzima. Alisema yeye mwenyewe alirusha udongo mara mbili, mara moja yake na mara moja yangu, kwa sababu mtu alisema dada yake yuko njiani. Alieleza polepole, akirudi nyuma alipokosea, na wakati wote huo tulikuwa tunakwenda, mimi nachimba, yeye anadondosha na kufukia. Nililia, naye akalia, kisha akaniambia mashimo yangu yamepinda.

Tulimaliza mstari ule tukaanza mwingine. Mawingu yakashuka upande wa ziwa, matone ya kwanza yakaanza kupiga majani, tukafunga mbegu zilizobaki kwenye kanga, tukakimbilia nyumbani.